Hesabu mapanga kwanza: niliyojifunza kwa kumiliki ndege kongwe

Asubuhi hiyo Stearman yetu, ndege ya mafunzo ya zamani yenye mabawa yaliyopangana juu na chini, ilikuwa imelala hangani siku kumi na mbili bila kuguswa. Nikaanza kuizungusha propela kwa mkono nikihesabu mapanga yanayopita, kama inavyotakiwa kabla ya kuwasha injini ambayo silinda zake zimepangwa duara. La kwanza likapita, la pili, la tatu. La nne likagoma. Haukuwa ule ugumu wa kawaida wa pistoni inayokandamiza hewa, ambao ukiuegemea kidogo unalegea. Huu ulikuwa ugumu wa ukuta.

"Ongeza nguvu, ni mgandamizo tu huo," akasema mwenzangu, akaja tusukume pamoja. Anga lilikuwa jeupe, upepo hakuna, na wageni wawili walikuwa wamekwisha kuvaa kofia za ngozi wakisubiri kurushwa. Nakiri nilikaribia kumsikiliza.

Nikatafuta spana ya plagi. Nikafungua plagi za silinda za chini, moja moja, na ya tatu ilipotoka oili ikanifuata mkononi mpaka kwenye kiwiko, karibu kikombe kizima.

Hilo ndilo gonjwa la injini za duara. Ndege ikikaa, oili hushuka taratibu, hupenya kando ya ringi za pistoni na kujikusanya kwenye silinda zilizo chini. Hewa inabanika, oili haibaniki. Ukiwasha injini katika hali hiyo, au mkiwa wawili wenye misuli mkailazimisha propela, kinachopinda ni konrodi, yaani mkono wa chuma unaoishika pistoni. Ubaya wake ni kwamba huenda isivunjike siku hiyo. Inapinda kidogo tu, injini inawaka, unaruka, unarudi salama, watu wanakupigia makofi; inakuja kukatika wiki kadhaa baadaye ukiwa futi 800 juu ya miti. Wala usiirudishe propela kinyumenyume ukidhani unaiokoa. Oili itakimbilia kwenye bomba la kuingizia hewa na kukusubiri humo, kisha injini ikiwaka inavutwa tena ndani. Dawa ni kufungua plagi, kumwaga, kusafisha na kurudisha. Wale wageni walisubiri saa moja na nusu. Mmoja alinuna.

Watu wakinifuata kuniuliza wanunue ndege gani ya zamani, huwa nawarudishia swali: una asubuhi ngapi za kupoteza? Siulizi pesa, hizo kila mtu anajua mfuko wake. Nimerusha ndege kongwe za propela kwa miaka 22, nimemiliki mbili, moja peke yangu na nyingine kwa ushirika, na nikipiga hesabu bila kujidanganya, kwa kila saa niliyokuwa hewani nilikaa saa nne au tano chini: kufuta, kukaza, kutafuta panapovuja, kusubiri kipuri, kumsubiri fundi, kusubiri upepo utulie. Anayeziona saa hizo kuwa ni adhabu ataiuza ndege ndani ya miaka miwili, tena kwa hasira.

Ya kwanza ilikuwa Piper J-3 Cub, ndege ndogo ya viti viwili, iliyotoka kiwandani Lock Haven, Pennsylvania, mwaka 1946. Cub zilitengenezwa karibu 20,000 kati ya 1938 na 1947, kwa hiyo vipuri na watu wanaoijua bado wapo, na hiyo ni sababu nzuri kabisa ya kuinunua. Mimi sikuinunua kwa sababu hiyo. Niliinunua kwa sababu ya rangi. Ilikuwa ya njano iliyoiva, ina ule mstari mweusi ubavuni wenye kona kama radi, inang'aa mpaka unajiona uso. Niliizunguka mara mbili, nikakaa ndani, nikanusa ile harufu ya petroli na kitambaa cha zamani, nikasaini.

Fundi nilimwita baada ya kulipa. Cheka tu. Mzee yule hakuitazama rangi hata kidogo. Alipiga magoti chini ya bawa, akashika nguzo inayolishikilia bawa kwenye mwili wa ndege, akaigonga ncha yake ya chini kwa chombo chake chenye ncha butu. Bomba likabonyea kama kopo. Nguzo za Piper za zamani ni mabomba ya chuma ambayo hayakuzibwa. Unyevu huingia, hushuka, hukaa kwenye ncha ya chini, na kutu hula kutoka ndani kuja nje. Kwa nje rangi inabaki maridadi mpaka siku bawa linapoachia. Tatizo hili linajulikana kiasi kwamba kuna maagizo rasmi ya kuzikagua nguzo hizo kila baada ya muda. Ukiweka za kisasa zilizozibwa, unaondokana na ukaguzi huo wa kurudiarudia.

"Kijana," akaniambia huku akijipangusa mikono, "wewe umenunua rangi. Ndege tutaitengeneza sasa." Ilituchukua miezi saba.

Kwa hiyo fundi kabla ya pesa, na awe fundi aliyekwisha kuifungua ndege ya aina hiyohiyo. Aliyebobea kwenye ndege za kisasa anaweza kuwa hodari kuliko wote kiwanjani na bado asijue Cub inaozea wapi. Vitabu vya kumbukumbu vya ndege navyo visome kama barua ya mtu unayemshuku. Angalia kurasa zinazoruka miaka. Muuzaji atakuambia kwa fahari kwamba injini ina saa 150 tu tangu ijengwe upya; muulize ilijengwa upya lini. Kama ni miaka 30 iliyopita, basi imeruka saa tano kwa mwaka, na muda uliobaki kamshafti yake, ile shafti inayofungua vali, ilikuwa inaota kutu. Mimi leo ningechukua injini yenye saa 900 inayoruka kila wiki kuliko hiyo. Tena kuiwasha chini dakika kumi kila mwisho wa juma, kama wengi wanavyofanya wakidhani wanaitunza, ni kuizidishia ugonjwa, maana haipati joto la kutosha kukausha maji yaliyomo kwenye oili. Ama iruke nusu saa, ama iache ilale.

Kuhusu kitambaa kinachofunika mabawa nitasema moja tu. Chini ya rangi ya juu huwa kuna tabaka la fedha, yaani unga wa alumini, ambalo kazi yake ni kuzuia jua lisikiozeshe kitambaa. Ingiza taa ndani ya bawa gizani. Ukiona mwanga unapenya kwa nje, aliyepaka alibana matumizi na jua limekwisha kuingia.

Sasa kutua. Ndege ya gurudumu la mkia imebeba uzito wake nyuma ya magurudumu makuu, hivyo inapokimbia ardhini ni kama mshale uliorushwa kwa mkia: muda wote inatafuta kugeuka. Ikianza kuyumba upande mmoja haijirekebishi, inazidi, na ukichelewa inazunguka yote na kukwangua bawa. Ndege za gurudumu la pua hujinyoosha zenyewe, ndiyo maana aliyefunzwa nazo tu huwa na miguu iliyolala kwenye pedali zinazogeuza pua.

Nililipia somo hilo nikiwa na saa 40 kwenye Cub. Nadhani saa 40 ndizo mbaya kuliko zote: zinatosha kukuondolea hofu, hazitoshi kukupa miguu. Nilitua vizuri ajabu siku hiyo, magurudumu yote matatu yakagusa majani kwa pamoja, hakuna hata mruko. Ndege ikapungua mwendo mpaka wa mtu anayekimbia, na mimi nikageuza shingo kumpungia mtu mkono. Mkono tu. Nilipogeuka tena mbele, mbele ilikuwa imehama. Ncha ya bawa la kulia ikalima majani, vumbi likatulia, na yule niliyempungia akaja kuniuliza kama ni mimi niliyetaka kuegesha hapo.

Miguu iendelee kufanya kazi mpaka kabari ziwekwe chini ya magurudumu. Anza kwenye majani, si kwenye lami. Majani husamehe, lami hushika tairi. Ukidunda na ndege ikarudi hewani, usihangaike kuiokoa, sukuma throtoli, yaani mkono wa kuongeza nguvu ya injini, uzunguke ujaribu tena. Jiwekee pia kikomo chako cha upepo wa ubavuni, kiwe kidogo kuliko cha kitabu, na usikiongeze eti kwa sababu kuna watazamaji. Nimewaona marubani wa ndege kubwa, wenye maelfu ya saa, wakishindwa kuinyoosha Stearman, ambayo ni ndefu juu, magurudumu yake yamekaribiana, na ikiwa ardhini huoni chochote mbele isipokuwa injini. Kuitembeza unakwenda upande upande, ukichungulia kushoto, kisha kulia.

Halafu kuna Tiger Moth, ndege ya mafunzo ya Kiingereza, nayo ya mabawa ya juu na chini. Sikuimiliki, niliirusha miaka minne kwa hisani ya mzee mmoja aliyekuwa anakaribia kuacha kuruka. Propela za Cub na Stearman huzunguka kwa mwelekeo wa saa ukizitazama kutoka kiti cha rubani, kwa hiyo ukiongeza nguvu wakati wa kupaa pua inakimbilia kushoto, na mguu wa kulia ndio mtumwa. Gipsy Major ya Tiger Moth, ile injini ya silinda nne zinazoning'inia chini, huzunguka kinyume. Sasa fikiria mtu mwenye miaka tisa ya mazoea ya mguu wa kulia. Nilisukuma throtoli, mguu wangu ukafanya kazi yake kwa bidii yote, na tukaelekea moja kwa moja kwenye miti. Mzee aliyekaa kiti cha mbele hakusema neno. Alikanyaga tu pedali ya kushoto, akaishikilia mpaka tukapaa, kisha akaniambia, "Endelea." Tiger Moth iliruka mara ya kwanza mwaka 1931, haina breki, na nyingi zina kipande cha chuma mkiani badala ya gurudumu. Marubani waliofunzwa nayo husema ni rahisi kuirusha, ngumu kuirusha vizuri. Namshukuru yule mzee kwa kutonionyesha upande wa pili wa usemi huo.

Jambo linalonitisha hadi leo ni propela iliyosimama. Cub yangu haikuwa na betri wala starta. Unaiwasha kwa kuivuta propela kwa mkono. Cheche zinatoka kwenye magneto, ambayo hujizalishia umeme yenyewe mradi kitu kiizungushe. Swichi ikiwa imezimwa, kinachoizuia ni waya mmoja mwembamba unaoupeleka umeme huo kwenye mwili wa injini. Waya ukikatika, swichi inabaki pambo.

Jioni moja tulikuwa tumemaliza kuruka. Mwenzangu akataka kuilaza propela, maana ya mbao ikiachwa imesimama wima unyevu hushukia panga la chini na kuiharibu mizani. Swichi ilikuwa imezimwa, niliitazama kwa macho yangu. Aligusa panga kwa kiganja, kwa wepesi kabisa, na injini iliyokuwa bado ya moto ikapiga mara moja, nusu mzunguko, ikanyamaza. Panga lilipita mbele ya mkono wake. Hatukuongea kwa muda. Tulipofungua nyuma ya swichi tukaukuta waya umechomoka.

Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kuruka, injini ikiwa inazunguka polepole kabisa, nazima swichi kwa nukta moja na kuirudisha. Ikionyesha kutaka kufa, waya ni mzima. Ikiendelea kama haijasikia, propela hiyo haiguswi na mtu mpaka itengenezwe. Na unapoiwasha kwa mkono, mkia ufungwe kamba, kabari ziwepo, ndani akae mtu anayejua breki na throtoli (si jamaa aliyekuja kutembea), na amri zote zitoke kwa aliyeshika propela. Vidole usivikunje juu ya ukingo wa panga. Simama pakavu, namna ambayo mwili wako baada ya kuvuta unarudi nyuma wenyewe. Sijawahi kujutia dakika mbili za kuangalia nimekanyaga wapi.

Hewani, aliyenifundisha zaidi ni barafu. Wengi wanadhani barafu ya kabureta ni ya nchi za baridi. Petroli inapogeuka mvuke ndani ya kabureta, na hewa inapopita kwenye koo lake jembamba, joto huweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30 za Selsiasi. Hewa ikiwa na unyevu, barafu inaganda humo hata siku ambayo wewe umevaa mikono mifupi. Nilikuwa nimejiegesha kwenye mizunguko 2,150 kwa dakika, mlango wa Cub uko wazi, raha mstarehe, na baada ya muda nikaona sindano iko 1,950. Nikaongeza throtoli kidogo. Ikashuka tena. Hapo nikaamka. Nilipovuta kifaa cha kupeleka hewa ya moto, injini ikakohoa, ikatetemeka, ikawa mbaya kuliko mwanzo, na mkono wangu ukataka kukirudisha. Usikirudishe. Hiyo ni barafu inayeyuka na injini inameza maji. Sekunde kama kumi na tano, ndefu kuliko mahubiri, kisha mlio ukanyooka. Kwenye ndege hizi, mzunguko unaoshuka bila wewe kugusa kitu ni barafu mpaka ithibitike vingine.

Geji ya mafuta ya Cub nayo ni waya uliosimama kwenye boya, unachomoza kwenye kifuniko cha tangi mbele ya kioo. Waya ukizama, mafuta yanazama. Ni ubunifu mzuri, lakini waya uliopinda unaweza kukwama ukiwa juu. Tangi ni lita 45, injini inakunywa kama 16 kwa saa. Vaa saa ya mkononi uiamini hiyo.

Ushirika: Stearman tulikuwa wanne. Naupendekeza, kwa sababu ndege ya watu wanne inaruka mara nyingi zaidi, na kuruka ndiko kunakoitunza. Lakini andikeni. Andikeni nani analipa injini ikifa mikononi mwa mmoja, mtu akitaka kutoka hisa yake inauzwa vipi, na zaidi ya yote, kwamba kutua kwa kishindo kunatajwa siku hiyohiyo bila mtu kuchekwa. Sisi hilo la mwisho hatukuliandika. Mmoja wetu alitua vibaya, akanyamaza kwa aibu, na wiki tatu baadaye nikaukuta ufa kwenye kiungo cha gurudumu nikiwa nafuta oili tu. Angesema, tungemtania siku moja basi. Alivyonyamaza, urafiki ndio uliopata ufa.

Panya nao wanataka hanga. Wanajenga ndani ya bawa, wanatafuna kitambaa, na mkojo wao unakula alumini. Funga kila tundu, weka mitego, na kagua nyuma ya kiti kila unapofika. Nyigu wanapenda mrija wa kupimia mwendo. Uvike kifuniko chake hata kama unaondoka kwa saa moja.

Sasa mtu atauliza, kwa shida zote hizi, kwa nini? Siku moja nilipewa kiti cha nyuma cha T-6, ile ndege ya mafunzo yenye Pratt & Whitney ya nguvu za farasi 600. Kelele yake inajulikana, watu huidhani ni ya injini. Piga hesabu: propela ina kipenyo cha futi tisa, karibu mita 2.74, inazunguka mara 2,250 kwa dakika. Ncha zake zinakwenda kiasi cha mita 320 kwa sekunde, na mwendo wa sauti ni kama 340. Ongeza mwendo wa ndege yenyewe. Kile kilio ni hewa inayochanwa na ncha za mapanga. Nilishuka magoti yakinitetemeka, nikacheka kama mtoto.

Hata hivyo nikipewa nafasi ya kuchagua, nachagua Tiger Moth ikishuka na throtoli imefungwa. Waya zinazofunga mabawa huimba, na sauti yake hupanda na kushuka kwa mwendo wako. Ukiizoea, geji huitazami tena. Zikianza kunyamaza, unashusha pua kabla hata hujafikiri.

Kama umesoma mpaka hapa na bado unaitaka, usiende kwa muuzaji. Nenda kwenye hanga lenye ndege ya aina unayoiota, jumamosi asubuhi, umwombe mwenyewe akuachie kuifuta tumbo. Ifute kwa miezi miwili mitatu. Utajua oili kiasi gani ni ya kawaida na ipi si ya kawaida, utajua mikono yako inapenda kazi hiyo au haipendi, na wengi wa wenye ndege hizo, nikiwemo mimi, hawawezi kumwacha chini mtu aliyewafutia oili wiki sita mfululizo. Matambara njoo nayo mwenyewe.